Nina miaka 34, meno ya chini yanagonga kaakaa. Nifunge waya au niache tu?

Dada wa Ilazo:
Habari zenu wapendwa, naomba ushauri kwa mwenye uelewa au aliyepitia hili jambo, mana nimeliwaza mpaka nimechoka. Nina miaka 34, ofisi yangu ipo Mji wa Serikali Mtumba, nakaa Ilazo na mume na watoto wawili. Tangu nikiwa mdogo meno yangu ya juu ya mbele yanayafunika ya chini yote, yani nikifunga meno ukanitazama huoni jino hata moja la chini. Halikuwahi kunisumbua kwa sababu nikicheka meno yanaonekana yamekaa vizuri tu na hakuna aliyewahi kuniambia lolote.

Sasa hii miaka ya karibuni meno ya chini yameanza kugonga kaakaa, pale pale nyuma ya yale mawili makubwa ya juu. Pana kidonda kinapona kinarudi. Nikila mahindi ya kuchoma au nyama ya mbuzi iliyokaza nasikia kabisa ncha zinaingia kwenye nyama, na kuna asubuhi nikipiga mswaki natema damu. Alafu zile ncha za meno ya chini zimelika, zimekuwa bapa, ukiangalia kwa juu kwenye kioo unaona kamstari ka njano katikati ya jino, daktari kanambia hapo ganda la nje limeshaisha.

Nilienda kusafishwa meno tu. Daktari akasema kusafisha atasafisha ila tatizo langu ni namna meno yanavyokutana, nimuone bingwa wa kupanga meno, nijiandae kufunga waya na inaweza kwenda miaka miwili au zaidi. Nikabaki nimeduwaa. Mimi waya nazijua kwa watoto wa sekondari. Mume hajakataa ila kaniuliza kama kweli nitaweza kukaa nazo muda wote huo. Mama mkwe yeye kasema wazi kwamba meno ya mtu mzima yameshakomaa, yakisukumwa yatalegea yang'oke, na mama namheshimu, kalea watu wengi. Hela nayo ni milioni kadhaa wakati tumesimamisha msingi Nzuguni na mafundi wanasubiri.

Kwaiyo naomba kujua, kwa umri huu inawezekana kweli? Nikiacha kama yalivyo kutatokea nini? Na tunatarajia kuongeza mtoto mwingine, hilo halina shida? Kazi yangu ni vikao na kuwasilisha taarifa mbele ya watu, nawaza na kuongea kutakuwaje.

Baba wa Nkuhungu:
Dada pole sana na hicho kidonda cha kaakaa, najua maumivu ya kula kwa tahadhari. Mimi nilifunga waya nikiwa nimeshapita miaka 39, tatizo langu lilikuwa tofauti na lako, upande wa kushoto meno ya juu yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini badala ya kukaa nje, kwaiyo nilikuwa nikifunga mdomo taya linatelezea pembeni ndo linakaa. Gego moja likapata ufa bila kuoza mana mzigo wote ulikuwa unaangukia hapo. Hilo gego ndo lilinifanya niende, sio urembo.

Kuhusu umri usiogope, bingwa aliyenihudumia hakuniuliza kabisa habari za umri, aliangalia fizi, akapima kwa kale kachuma kenye alama kama zimeachia, akapiga eksirei ya kinywa chote, akachukua na vipimo vya meno kwa ile rojo wanayokujazia mdomoni. Ndo akasema tunaweza kuanza.

Nikueleze ilivyo mana wengi wanasimulia mwisho tu. Siku ya kufungwa haiumi, kinachokera ni kukaa mdomo wazi muda mrefu. Maumivu yanakuja usiku na siku zinazofuata, meno yote yanakuwa kama yamepigwa, hata mkate laini unausikia. Hapo ndo utaujua umuhimu wa mlenda dada yangu, ugali laini na mlenda ndo chakula kilichonivusha, na uji, na viazi vya kuponda. Panado inasaidia. Baada ya wiki au zaidi kidogo yanatulia, ukienda kukazwa tena yanaamka kidogo alafu yanatulia. Waya ukikuchoma shavuni wanakupa nta maalum unakata kipande unaviringisha unabandika juu ya kile kichuma kilichogandishwa kwenye jino, omba ya kutosha usiondoke bila hiyo nta.

Karanga nilijaribu kula, kichuma kimoja kikabanduka. Karanga, miwa, barafu, mifupa, ubuyu wa kumumunya, hivyo vyote weka pembeni. Mahindi unapukuchua kwanza. Zabibu zetu hazina shida, kula tu ila piga mswaki.

La kuongea, wiki za mwanzo nilikuwa naisikia "s" yangu inavuma hivi, ila wenzangu kazini wanasema hawakuona tofauti. Nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti nyumbani ulimi uzoee. Watu watakuuliza siku mbili tatu alafu wanasahau.

Nilichogharamika zaidi ni muda. Kila mwezi au wiki sita lazima uende. Kabla hujaanza hakikisha huyo bingwa yupo hapa mjini muda wote, sio anakuja siku moja moja, mana nina jamaa yangu alifungiwa na daktari aliyekuwa anatoka mkoa mwingine, akahamishwa, jamaa akabaki na waya mdomoni hana wa kuzikaza wala kuzitoa. Ikabidi aanze kutafuta upya na kulipa upya. Kama bingwa wako yupo Dar nalo linawezekana, tangu treni ya SGR ianze 2024 Dar sio mbali tena, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo, ila nauli na ruhusa ya kazini uzipigie hesabu tangu mwanzo.

Tabibu wa Kinywa:
Dada wa Ilazo, mimi ni tabibu wa meno, sio bingwa wa kupanga, ila wagonjwa kama wewe nakutana nao na huwa nawaelekeza huko. Naomba nikujibu kwa urefu kidogo.

Nianze na hofu ya mama kwa sababu ni ya msingi na sio ya kupuuza. Mfupa wa taya sio zege. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nyuzinyuzi, jino likisukumwa taratibu mfupa wa upande unaosukumwa unaliwa na mwili wenyewe na upande wa pili unajengwa mfupa mpya. Hiyo kazi mwili unaifanya ukiwa na miaka 14 na unaifanya ukiwa na miaka 60, kwa mtu mzima inaanza polepole zaidi na jino linasogea kama milimita moja hivi kwa mwezi au pungufu. Kulegea kidogo wakati wa matibabu ni kawaida, bila hivyo haliwezi kusogea, likifika mahali pake linashika tena. Ila mama yuko sahihi kwenye kitu kimoja kikubwa: mtu mwenye ugonjwa wa fizi, fizi zinavuja damu kila siku, mfupa umeshapungua, huyo akifungwa waya kabla ya kutibiwa fizi mfupa unaweza kuisha haraka na meno akayapoteza kweli. Kwaiyo hiyo damu unayoitema asubuhi isichukuliwe moja kwa moja kwamba ni ya kidonda cha kaakaa. Itafutwe inatoka wapi. Fizi kwanza, waya baadae. Na kama una kisukari kisichotulia au kuna dawa za mifupa unatumia, mwambie daktari kabla hajagusa chochote.

Tofauti ya mtu mzima na mtoto ipo kwenye taya. Mtoto taya bado linakua kwaiyo tunaweza kuliongoza, mtu mzima limeshamaliza kukua. Kama tatizo lako ni meno yamekaa vibaya kwenye taya zilizo sawa, waya zinatosha. Kama taya lenyewe la chini ni fupi sana au refu sana, waya peke yake zinaweza kuficha tatizo kwa kusogeza meno, mara nyingine kwa kung'oa magego madogo mawili ili ipatikane nafasi, lakini kulirekebisha taya lenyewe ni operesheni. Hili muulize bingwa kwa maneno hayo hayo: je tatizo langu ni la meno au la taya? Eksirei ya kichwa ya upande mmoja ndo inajibu. Asiyekupiga eksirei wala kuchukua vipimo vya meno anataka tu kukubandikia vyuma, usikubali. Na ni haki yako kuuliza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hakuna daktari mzuri anayekasirikia swali hilo.

Sasa ukiacha. Hapa ndo nataka usome vizuri. Watu wazima wengi wana meno yasiyokutana sawasawa na wanaishi nayo mpaka uzee bila madhara, hao huwa nawaambia wazi kwamba kufunga waya ni hiari yao, wakitaka sawa wasipotaka sawa. Wewe haupo kundi hilo kwa maelezo uliyotoa. Kawaida meno ya juu yanafunika ya chini milimita 2 mpaka 4 hivi, yako yanafunika yote na yanagonga nyama. Nyama ya nyuma ya meno ya juu ikiendelea kuchubuliwa fizi ya hapo inashuka, mzizi unabaki wazi, meno ya juu yanaanza kutoka nje na kuachia mwanya. Na jino lililolika halikui tena, kila milimita inayoisha imeisha. Kwaiyo swali la umri kwangu ni dogo, swali kubwa ni kwamba huo mkutano wa meno unaharibu nini sasa hivi na unaharibu kwa kasi gani. Wako unaharibu vitu viwili na umeviona mwenyewe kwenye kioo.

Kuna faida moja nyingine haisemwi sana. Waya zikishayatenganisha meno ya juu na ya chini inapatikana nafasi ya kuyajenga upya yale yaliyolika kwa kujazia dawa za rangi ya jino. Ukijazia leo bila kupanga zitavunjika mana hakuna nafasi, utakuwa unalipa kila mara.

Mimba haizuii waya. Tunachoepuka ni eksirei zisizo za lazima, kwaiyo kama mnapanga karibuni maliza vipimo vyote kabla. Fizi huwa zinavimba kirahisi wakati wa ujauzito, usafi uwe mara mbili ya kawaida.

Mwisho nisikufiche, waya zikitolewa kuna kifaa cha kushikilia, riteina, na kwa mtu mzima hicho ni cha kuvaa usiku miaka yote. Meno yana tabia ya kurudi yalikotoka na tatizo lako la kufunika ni moja ya yanayopenda kurudi. Kama unajijua hutaweza kuvaa usiku basi bora usianze.

Mwanamke wa Manyoni:
Naongezea kitu ambacho watu wa kanda yetu tunatakiwa kukijua. Mimi nimekulia Singida vijijini, maji ya kisima, meno yangu yana madoa ya kahawia kama watu wengi wa kule, hii ni madini ya floraidi yakizidi kwenye maji ya kunywa wakati jino bado linajengwa utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya kwetu vinapita hapo.

Nilipofunga waya vichuma vilikuwa vinabanduka banduka, hasa vya magego, mpaka nikadhani daktari hajui kazi. Kumbe ganda la jino lililoathirika na floraidi gundi haishiki vizuri kama kwenye jino la kawaida. Ilibidi wasugue kidogo uso wa jino, waache dawa ikae muda mrefu zaidi, na magego wakavalisha pete za chuma zinazozunguka jino zima badala ya kubandika. Baada ya hapo vikatulia. Kwaiyo dada kama umekulia Kondoa, Singida, Manyara au kokote kwenye maji ya hivyo mwambie daktari tangu siku ya kwanza, na muulize kichuma kikibanduka unalipia au hulipii. Mimi kwenye makubaliano ya mwanzo halikusemwa, ikaja kuwa maneno.

Niliuliza pia kwenye bima, bima yangu ikakataa, wakasema ni ya muonekano. Barua ya daktari iliyoeleza kidonda na kulika kwa meno ilisaidia wakalipia angalau eksirei na usafishaji. Wewe una kidonda, hakikisha kinaandikwa.

Majuto sina. Nauma nyama kwa meno ya mbele sasa, zamani nilikuwa naichana kwa mkono.

Mwalimu wa Kongwa:
Mimi niseme upande wa pili ili upime vizuri, mana mimi nilifika mpaka kwa bingwa na nikaamua kutofunga.

Yangu meno ya mbele hayakutani kabisa, nikiuma panabaki uwazi, tambi siwezi kuikata. Bingwa akanipima kwa muda akasema tatizo ni taya, nikitaka ipone kweli ni waya alafu operesheni ya taya alafu waya tena. Nikamuuliza nikiacha panaharibika nini, akasema kwa ukweli kabisa kwamba magego yangu yanabeba kazi kubwa ila fizi ni nzima, meno hayajalika vya kutisha, naweza kuishi hivi kwa kufuatiliwa. Nina miaka 46, nasomesha watoto watatu. Nikachagua kubaki. Badala yake nikatumia hela kuziba pengo la gego la chini nililong'olewa nikiwa chuoni, mana gego la juu yake lilikuwa limeanza kushuka na la jirani limeinama kwenye pengo. Huku kwetu jino likiuma linang'olewa tu na hakuna anayekwambia pengo nalo linahamisha meno mengine. Na nikatengenezewa kile kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku kwa sababu nilikuwa nasaga meno usingizini.

Nilichotaka kusema ni kwamba kama mtu anafunga waya kwa sababu ya kichwa kuuma au taya kutoa mlio asiweke matumaini yote hapo. Mimi niliyaweka, bingwa mwenyewe akanitoa, akasema maumivu ya taya yana sababu nyingi na kupanga meno sio dawa ya uhakika. Lakini mdogo wangu, kesi yako na yangu sio moja. Kidonda kinachorudi kila siku mimi ningekichukulia hatua.

Dada wa Ilazo:
Jamani nawashukuru kutoka moyoni, nimesoma yote na mume nimemsomea. Alichoshika yeye ni pale Tabibu aliposema jino lililolika halikui tena, akanyamaza, alafu akasema ujenzi wa Nzuguni unaweza kusubiri. Mama mkwe nimemueleza habari ya fizi, kafurahi kusikia kwamba alichosema kina ukweli ndani yake, kasema basi nitibiwe fizi kwanza yeye aone.

Nimekulia Kondoa na nina madoa kidogo, asante dada wa Manyoni sikujua kabisa kama lina uhusiano. Nimeshaandika maswali ya kwenda nayo, tatizo ni la meno au la taya, fizi zangu zikoje, bingwa anakaa hapa Dodoma siku zote au anakuja, kichuma kikibanduka nani analipa, riteina ipo ndani ya bei au nje, na barua ya bima. Kuna kingine cha kuuliza? Alafu wale wanaosema alaina, zile za plastiki za kuvua na kuvaa, kwangu zinafaa mana hazionekani?

Na swali la mwisho, binti yangu wa kwanza ana miaka 7 na naona anafunga meno kama mimi kabisa. Nisubiri akue?

Tabibu wa Kinywa:
Ongeza swali moja: mpango ni kuyafungua meno ya mbele kwa njia gani. Mara nyingi kwa tatizo lako wanabandika vinundu vidogo nyuma ya meno ya juu au juu ya magego ili meno ya chini yasiguse tena kaakaa, na hapo kidonda kinaanza kupona mapema kabla meno hayajapangika. Ila jiandae, wiki za kwanza magego yanaweza yasikutane kabisa na kutafuna kunakuwa kwa shida, usidhani kuna kilichokosewa.

Alaina zinafanya kazi nzuri kwa meno yaliyobanana kidogo au mwanya mdogo, kwa kufunika kwingi kama kwako zinahitaji mtu mzoefu sana na wewe uzivae masaa 20 na zaidi kwa siku, unazivua kula na kupiga mswaki tu. Mtu mwenye vikao vya chai na vitafunwa kila siku huwa zinamshinda. Muulize bingwa lakini usizing'ang'anie, na zile za kuagiza mtandaoni bila daktari kukuona achana nazo kabisa.

Binti usisubiri. Miaka 7 ndo umri mzuri wa kuangaliwa mara ya kwanza, magego ya kwanza ya ukubwani na meno ya mbele yanakuwa yameanza kutoka kwaiyo daktari anaona mwelekeo. Haimaanishi atafungwa waya sasa, wengi wanaambiwa warudi baada ya mwaka, ila kama taya linahitaji kuongozwa ni wakati ambao bado linakua. Angalia pia kama ananyonya kidole usiku au anapumua kwa mdomo akilala, na mtaje kwa daktari. Mpeleke siku hiyo hiyo unayoenda wewe.

Baba wa Nkuhungu:
Dada na nunua zile brashi nyembamba za kupenyeza chini ya waya mapema, maduka makubwa ya dawa hapa mjini zipo ila zinaisha, na weka moja kwenye mkoba wa kazini. Mimi nilikuwa nasukutua maji baada ya chai nikiwa ofisini na kupitisha hiyo brashi chooni, nilipofunguliwa sikukutwa na doa jeupe hata moja. Soda nazo punguza. Nitakuandikia pembeni maswali niliyomuuliza bingwa wangu kuhusu malipo, unalipa kianzio alafu kidogo kidogo kila ukienda kukazwa, haitoki yote siku moja.